Kaa wa Ndani ya Jiwe

Jana jioni mwanangu wa pili alimimina siki kwenye kisahani, akatumbukiza jiwe aliloliokota pwani, akajiinamia kulitazama. "Mama, njoo uone, linachemka!" Sikuhitaji kwenda kuona. Harufu iliponifikia jikoni nilikuwa nimesharudi Shela, mtaa wa mji wa Malindi, kwenye ua wa mjomba, mwaka 2007.

Mjomba alikuwa anaongeza kile chumba cha nyuma, ambacho mpaka leo hakijapata dari. Lori lilimwaga mawe alfajiri, haya mawe yetu ya machimboni, meupe ya kupauka, yenye vitundu. Nilikuwa na miaka 15 na chini ya kitanda nilikuwa na boksi la viatu lililojaa visukuku: makombe yaliyogeuka jiwe, konokono wa baharini waliobaki umbo la ndani tu, vipande vya matumbawe vyenye alama za nyota. Kila kimoja nilikibandika karatasi: "adimu", "adimu sana". Sikuwa na kipimo kingine zaidi ya furaha niliyoipata siku ya kukiokota.

Fundi wa mjomba, mzee wa makamo aliyekuwa na subira na watoto, aliliangalia boksi langu siku moja wakati wa chai. Hakusema kitu. Alinishika mkono akanipeleka kwenye ukuta wa zamani wa nyumba, pale lipu ilipobanduka, akanionyesha kwa kidole: nyota, nyota, kombe, nyota. Ukuta mzima. "Mwanangu, hizi zimo kila nyumba ya mji huu." Na kweli. Jiwe la pwani yetu lenyewe ni fungu la kale, matumbawe yaliyomea yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, kisha maji yakashuka yakayaacha juani. Tunalala ndani ya visukuku. Usiku ule nilibandua karatasi zangu moja moja, na siwezi kusema sikulia.

Siku tatu baadaye fundi alikuwa anapasua jiwe la pembeni. Nilikuwa nimechuchumaa karibu naye, namshikia kamba. Nyundo ya kwanza, ya pili, ya tatu, jiwe likagawanyika kama nazi. Kwenye kifuu kimoja alikuwamo kaa.

Simaanishi alama ya kaa. Kaa mwenyewe, mkubwa kama kisahani cha chai, wa rangi ya hudhurungi kwenye jiwe jeupe. Gamba lake limepasuka ufa mmoja mwembamba. Gando la kulia ni kubwa kuliko la kushoto, nalo amelikunja mbele ya uso, kama mtu anayekinga upepo usimzimie kibiriti. Miguu minne ya upande mmoja imepangana, ncha zake kali bado. Ya upande wa pili inaingia ndani ya jiwe na kupotea. Nikapitisha kidole juu ya gando. Lilikuwa na chembechembe ndogo, mistari kwa mistari, zinazokwaruza kama ngozi ya papa. Nakumbuka zile chembe kuliko ninavyokumbuka sura za watu waliokuwa uani siku ile.

Fundi aliweka nyundo chini. "Subhanallah." Akapuliza vumbi, akatazama kwa muda mrefu. "Miaka 30 navunja mawe. Makombe nimeyaona mpaka basi. Kaa mzima, huyu ndiye wa kwanza."

Akanipa. Mjomba alikuwa na chumba cha kumaliza, hakushughulika.

Alikuwa na utando wa jiwe mgongoni, nami nilitaka ang'ae. Bibi alikuwa akisafishia kila kitu kwa siki: masufuria, sakafu, samaki. Basi nikamlaza kaa kwenye beseni, nikammwagia chupa nzima ya siki. Vikaanza kupanda vipovu vidogo kama vya soda, na nikafurahi, nikidhani ni uchafu unatoka. Nikaenda kulala. Asubuhi maji yalikuwa yamekuwa meupe kama tui la mwisho. Nikamtoa, nikamfuta, nikapitisha kidole juu ya gando. Laini. Laini kama sabuni iliyotumika.

Nilimfunga kwenye kanga nikampeleka makumbusho, kwenye ile Nyumba ya Nguzo. Niliambiwa nisubiri, na niliposubiri nilikuwa nimesimama mbele ya silakanti, yule samaki aliyevuliwa bahari ya Malindi mwaka 2001. Wataalamu walimjua kutoka kwenye mawe tu, wakaamini kizazi chake kilikwisha yapata miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini. Wavuvi wa Komoro walikuwa na jina lake siku zote: gombessa. Huwa najiuliza, neno adimu tunalipima kwa macho ya nani?

Mama wa makumbusho alivaa miwani, akamgeuza kaa taratibu. Akaniambia kaa akifa viungo vyake huachana haraka, na wanaokula mizoga humtawanya. Ili abaki mzima hivi ni lazima afunikwe na mchanga au tope upesi sana. Nikamweleza maneno ya fundi. "Miaka 30, kaa mmoja," akarudia, akayaandika. "Hicho ni kipimo kizuri kuliko bei yoyote." Kisha akaniuliza jiwe lilitoka chimbo gani.

Nikasema lilikuja na lori. Nilikuwa nimeshamwuliza dereva. Alipakia kutoka machimbo matatu.

"Lilikuwa kina gani? Upande gani ulikuwa juu?"

Nikanyamaza. Akaleta gando karibu na miwani. "Na hapa ulimsafisha kwa nini?"

"Kwa siki, mama."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu kwamba jiwe hili ni chokaa, na siki huila chokaa, na kwamba zile chembe za gando ni miongoni mwa vitu vya kwanza wanavyotazama ili kujua ni kaa wa aina gani. Akanieleza kwamba kwa sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 kitu kama hiki ni cha kutolewa taarifa, nimefanya vizuri kumleta. Akafungua daftari. Nilikuwa nasoma kichwachini, upande wangu wa meza, kalamu yake ilivyokuwa ikienda: Kaa. Gando limeharibika. Mahali alipopatikana: hapajulikani.

Jana nilimwambia mwanangu alitoe jiwe lake kwenye siki haraka, alisuuze kwa maji matupu. Nilimpazia sauti kuliko nilivyokusudia, akashtuka. Ni kipande cha tumbawe lenye nyota, kama yale ya ukutani. Nikaleta kalamu na karatasi, nikamwuliza amelipata wapi.

"Pale," akasema, akinyoosha kidole dirishani, upande wa bahari.

"Pale wapi, mwanangu?"

Akafikiri. "Tutaenda kesho nikuonyeshe."