Hombolo, Kufuata Masuke ya Mtama

Gari la Hombolo haliondoki mpaka lijae, na kujaa kwake ni magunia, madumu na kuku. Kutoka Dodoma mjini tulishika barabara ya Morogoro hadi Ihumwa, tukakata kushoto. Ilikuwa mwezi wa tano. Mahindi kando ya njia yalishanyauka tangu ukame wa Februari, mtama ndio uliosimama.

Niliongozana na jamaa yangu, mtafiti wa mbegu. Mama tuliyemfuata alituitikia "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kisha akatuingiza jikoni. Masuke ya mbegu yalining'inia juu ya mafiga, meusi kwa moshi, maana moshi hufukuza fukusi. Lipo jeupe lililokaza punje, jekundu, na jingine lililopinda shingo kama mpini wa mwavuli.

"Mweupe ni wa kuuza, na ugali wake mzuri. Ila ndege wataumaliza."

Jamaa akakwangua punje nyekundu kwa ukucha. Chini ya ganda ukatokea utando wa kahawia: ndimo ilimo tanini, ule ukakasi ambao kweleakwelea hawaupendi.

"Na ugali wake, mama, si mchungu?"

"Tunakoboa, mwanangu. Mwingine tunapika pombe."

Shambani kulikuwa na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, vijiua vyekundu vizuri kabisa kwa mtu asiyevijua. Mbegu yake hulala udongoni miaka na miaka, ikiamshwa na kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mtama, kisha humnyonya mwenyeji wake. Aina nyingine za mtama hutoa kemikali hiyo kidogo mno, kiduha hakiamki. Mbegu za mtama ziitwazo Hakika na Wahi, zilizoidhinishwa nchini 2002, zimerithi tabia hiyo.

Ndiyo maana sipendi wanaohubiri "mbegu bora" kana kwamba za kienyeji ni takataka. Hizo zikipotea, mzalishaji wa mbegu mpya atachanganya nini na nini? Kweli, ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame, kule Patancheru, India, wametunza sampuli za mtama zaidi ya 35,000, na Arusha kuna hifadhi ya taifa. Lakini mbegu iliyo kwenye jokofu haikutani na ukame wa mwaka huu. Ya mama huyu inakutana nao kila msimu, na yeye ndiye anayechagua.

Jamaa aliomba masuke. Mekundu akapewa, jeupe akanyimwa.

"Hilo nimelitenga nipande. Na ukirudi usije mikono mitupu, niletee hiyo Hakika niijaribu pale penye kiduha."