Kikombe cha mwanangu

Nimerudi Bagamoyo baada ya miaka tisa Muscat. Nilishuka stendi na begi moja na mfuko wa tende. Mama alinishika mikono yote miwili, akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Umekonda, mwanangu. Twende nyumbani ukale." Lile tulilokuwa nalo moyoni sote wawili hakuligusa.

Nilipoondoka, mwanangu alikuwa na miaka miwili. Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Alipofika miaka sita homa ilimpanda usiku, na kabla hakujapambazuka vizuri alikuwa ameshatutoka. Nilikuwa napiga pasi nguo za watu simu ilipoingia. Tajiri wangu ndiye aliyeshika pasipoti yangu, akaniambia nisubiri mkataba uishe. Ukaisha, nikasaini mwingine. Huo wa pili hakunilazimisha mtu. Sikutaka kuliona kaburi.

Miaka yote hiyo rozari yangu ilikaa chini ya godoro. Si kwamba niliwaogopa watu wa nyumba ile, bali sikuwa na neno la kumwambia Mungu. Ndugu walinitumia ujumbe kwamba Mungu ana makusudi yake. Walisema kwa upendo, najua. Lakini ni makusudi gani hayo yanayomtaka mtoto wa miaka sita? Hata leo sina jibu, na anayelijibu swali hilo haraka haraka simwamini. Ayubu naye hakuambiwa sababu. Alichopewa ni Mungu mwenyewe kuja kusema naye.

Siku ya pili nilikwenda kwa jirani yetu, bibi wa Kiislamu ambaye mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti hapa."

Akanimiminia kahawa, akanyamaza, halafu akaanza mwenyewe. Usiku ule bodaboda haikupatikana. Mama miguu inamsumbua, hawezi mwendo mrefu. Basi Bi Mkubwa akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akatembea naye gizani mpaka hospitali. "Alikuwa mwepesi," akasema. "Na njia nzima ananiambia, Bibi pumzika. Bibi umechoka, pumzika."

Nilirudi nyumbani bila kuaga.

Kwaresima ilipoingia, Mama alinivuta Ijumaa moja twende misheni kwenye Njia ya Msalaba. Nilikwenda kwa ajili yake tu. Tukafika kituo cha tano, Simoni wa Kirene anamsaidia Yesu kuchukua msalaba. Nimelisikia hilo tangu utotoni. Marko anasema mtu huyo alikuwa anatoka shamba, anapita zake, wakamshurutisha. Hakuwa mfuasi, na hatusomi kwamba aliuliza mtu huyu ana kosa gani. Alibeba. Nami pale pale nikaiona kanga ya Bi Mkubwa, nikaona mgongo ule, nikalia kwa sauti mbele za watu. Katekista alisubiri. Hakuna aliyenihimiza.

Tangu siku ile naamini kwamba Mungu hakuwa mbali usiku ule akitazama. Alikuwa kwenye njia ile ya giza, kwa yule anayebebwa na kwa yule anayebeba.

Siku hizi jioni naenda kukaa misheni, karibu na makaburi ya wamisionari waliofika mwaka 1868, wengi wao wakafa kwa homa wakiwa bado vijana. Walinunua watoto waliokuwa wakiuzwa kama watumwa, wakawajengea kijiji hapa hapa. Shuleni tulifundishwa kuhusu Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kiskoti, kwamba mwili wake ulifikishwa kwenye misheni hii Februari 1874. Sasa nawafikiria zaidi watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, walioubeba kwa miguu miezi mingi kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Na nawafikiria mama wa watoto wale wa kijijini. Walibaki bara bila kujua mtoto yuko wapi. Nao hawakuzika. Watoto wao wakajifunza kusema Baba Yetu kwenye mji huu, na sala hiyo ndiyo iliyonifikia mimi.

Mama alikuwa ametunza kikombe cha mwanangu, cha plastiki, cha kijani. Kwa ndani amekikwaruza mstari kwa ncha ya msumari, kidole kimoja chini ya ukingo, kwa sababu mtoto wa selimundu lazima anywe maji ya kutosha na wangu alikuwa mjanja wa kuyamwaga. Mpaka mstarini, mara sita, kila siku. Ukipitisha kidole unausikia.

Nakibeba siku za kliniki ya selimundu, nikakaa na akina mama kwenye benchi. Nawaambia ninayoyajua: asidi ya foliki kila siku, maji, mtoto asipigwe na baridi, na homa isingoje asubuhi. Wengine wameambiwa na wakwe kwamba ugonjwa umetoka ukoo wao, au kwamba ni kurogwa. Nawaeleza kwamba mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili, na wakiwa wote wamebeba vinasaba hivyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Mmoja alinishika mkono akalia, kwa miaka mitatu alikuwa anajilaumu peke yake.

Mwanangu hakufa ili mimi nifanye kazi hii. Mtu akisema hivyo nitamkatalia. Ila Kristo aliyefufuka na makovu yake mikononi hajaniacha nikae bure na kovu langu.

Juzi alikuja mama kijana na mtoto wa kiume, mdomo umemkauka, maji hataki. Nikamimina kwenye kikombe cha kijani, nikamwonyesha mstari. Akaupapasa kwa kidole, akanywa mpaka chini, kisha akakigeuza geuza mkononi.

"Cha nani?"

Nikamtajia jina la mwanangu.