Siku Moja Maishani Mwangu: Mjaza Oksijeni wa Roketi ya Ndege

Saa tisa usiku nimeshafika uwanjani. Kabla sijaruhusiwa kulisogelea gari la oksijeni, mavazi yangu hukaguliwa, maana penye oksijeni safi hata alama ndogo ya grisi kwenye glavu yaweza kushika moto. Ndege yetu zamani ilibeba abiria. Sasa viti vimeng'olewa na chini ya bawa la kushoto inaning'inia roketi ya kupeleka setilaiti angani. Watu wakisikia habari zake humwuliza rubani maswali yote, wala siwalaumu.

Saa kumi na moja alfajiri tunaanza kuijaza roketi oksijeni ya kimiminika, ambayo bila hiyo mafuta yake hayawezi kuwaka. Oksijeni huchemka ikiwa nyuzi 183 chini ya sifuri, kwa hiyo mabomba hupozwa kwanza, taratibu, na barafu nyeupe hujikusanya kwenye kiungio hadi vishikio vyake havionekani. Ile inayogeuka mvuke na kutoka, tunaifidia tena na tena mpaka ndege iondoke. Wenzetu wa roketi ya Pegasus, iliyobebwa na ndege aina ya Lockheed L-1011 iliyowahi kuwa ya Air Canada, hawaijui adha hii, kwa kuwa mafuta yao ni yabisi, tayari yamechanganywa na kitu cha kuyawasha bila oksijeni ya kujazwa.

Saa mbili asubuhi tulikuwa tayari, ndipo ikaja taarifa kwamba upepo wa juu haujatulia. Mwakilishi wa mwenye setilaiti akanijia mimi, sijui kwa nini mimi. "Fundi, mlihangaikia ndege ya nini kama upepo bado mnauogopa?"

Nikamweleza kwa adabu kwamba ndege hutupandisha juu ya mawingu na kutupa uhuru wa kuchagua mahali pa kuanzia, lakini roketi huachiwa zaidi ya mita 10,000 juu ya bahari, huanguka kwa sekunde chache, kisha injini yake huwaka na kuinua pua kuelekea juu. Upepo unaobadilika ghafla wakati huo unaweza kuielemea. Nikaongeza kwamba ndege hukimbia takribani kilomita 900 kwa saa, ilhali mzingo wa karibu na dunia, yaani njia ambayo setilaiti huizungukia, hudai kama 28,000, hivyo sehemu kubwa ya kazi inabaki kuwa ya roketi yenyewe. Akatikisa kichwa, akaenda kunywa kahawa, akarudi na swali lile lile. Mara ya tatu nilijifanya nasoma geji, ingawa kwa kweli nilikuwa nikiisoma, kwa sababu oksijeni ilikuwa ikipungua nasi tukizidi kuifidia.

Baadaye, sikumbuki saa ngapi, muda wa eneo la bahari lililofungwa kwa meli na ndege ukaisha, safari ikaahirishwa. Kuitoa oksijeni hutaka uangalifu ule ule wa kuijaza, ila sasa miguu imechoka na jua limepanda. Nilikuwa nimeinama kwenye vali ya mwisho niliposikia viatu vyake tena nyuma ya kamba ya usalama. Alitaka kujua kwa nini tusiiache imejaa hadi kesho.