Nyutroni zinazotoroka

Mara ya kwanza nilipoendesha kwenye kompyuta mpakato yangu OpenMC, programu huria inayoiga safari za nyutroni (chembe zinazopasua viini vya urani) ndani ya kinu cha nyuklia, jibu lililotoka lilinifanya nidhani nimeiharibu. Nilikuwa nimechora Godiva, lile tufe la urani lisilofunikwa na kitu chochote, lililorutubishwa hadi takribani asilimia 94 ya urani-235, aina ya urani inayopasuka kwa urahisi, ambalo wanasayansi wa Los Alamos nchini Marekani walilifanyia majaribio katika miaka ya 1950 na ambalo hadi leo ni zoezi la awali kwa wengi wanaojifunza hesabu za vinu vya nyuklia. Idadi ya nyutroni za kizazi kimoja ikigawanywa kwa ile ya kizazi kilichotangulia, kiasi ambacho wataalamu hukiandika kwa herufi k, ilipaswa kuwa 1 au karibu sana na 1, yaani mpasuko unaojiendeleza bila kukua wala kufifia. Mimi nilipata zaidi ya 2.

Kosa lilikuwa la neno moja tu. Pale nilipotakiwa kuieleza programu kwamba nje ya uso wa tufe kuna ombwe, nilikuwa nimeandika kwamba uso wenyewe ni kioo, kwa hiyo kila nyutroni iliyofika ukingoni ilirudishwa ndani kuendelea kupasua viini. Nilipolirekebisha neno hilo, k ilishuka hadi pale inapostahili, nami nikaelewa jambo ambalo nilikuwa nimelisoma bila kulitilia maanani: katika tufe lile zaidi ya nusu ya nyutroni zinazozaliwa hutoroka. Kinu kikubwa cha megawati 1,000 hupoteza kwa njia hiyo asilimia chache tu, kwa sababu umbo linapokua ujazo wake huongezeka haraka kuliko eneo la uso wake. Ndiyo maana mbuni wa kinu kidogo hawezi kuuchukulia ukingo kama jambo la pembeni. Unene wa kiakisi (tabaka linalorudisha nyutroni ndani), nafasi ya fito za udhibiti zinazomeza nyutroni, hata upenyo wa bomba, vyote vinagusa hesabu.

Njia inayotumiwa na OpenMC ni ya zamani kuliko watumiaji wake wengi. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, akiwa anapata nafuu baada ya ugonjwa, alikuwa akicheza karata peke yake, akajiuliza kama kukadiria uwezekano wa kushinda si rahisi zaidi kwa kucheza mara nyingi na kuhesabu kuliko kwa kanuni. Mwanahisabati mwenzake John von Neumann akaligeuza wazo hilo kuwa hesabu ya nyutroni, na mwanafizikia Nicholas Metropolis akaliita Monte Carlo, kwa jina la kasino. Kompyuta huifuata nyutroni moja baada ya nyingine, ikipiga kura katika kila hatua: itasafiri umbali gani, itagonga nini, itamezwa, itadunda au itapasua kiini. Ubaya wake ni kwamba ukitaka kosa la nasibu, lile linalotokana na kura hizo, lipungue kwa nusu unahitaji nyutroni mara nne, na ukitaka lipungue mara kumi unahitaji mara mia, jambo ambalo feni ya kompyuta yangu inaweza kulitolea ushahidi.

Hata hivyo, udogo wa kosa la nasibu haumaanishi kwamba jibu ni sahihi. Nilifurahi sana Godiva yangu ilipokubaliana na majaribio hadi nafasi ya tatu ya desimali, mpaka nilipotambua kwamba takwimu za urani-235 ambazo programu inazisoma zilitengenezwa na watu waliokuwa wakizilinganisha na tufe hilohilo. Nilikuwa mwanafunzi aliyefaulu mtihani ambao karatasi yake ilishaonekana.

Mfano unaonishawishi zaidi ni KRUSTY, kinu kidogo kilichojaribiwa Nevada kwa ajili ya safari za anga za juu. Moyo wake ulikuwa urani iliyochanganywa na molibdeni, umezungukwa na oksidi ya berili. Mnamo Machi 2018 kiliendeshwa kwa nguvu kamili katika jaribio la saa 28, joto la moyo wake likifikia takribani nyuzi 800 za Selsiasi. Uigaji ulikuwa umetabiri kwamba metali ikipata joto itatanuka, nyutroni nyingi zaidi zitatoroka, na mpasuko utapungua bila mtu kugusa kitu. Watafiti walipopunguza kiasi cha joto kilichoondolewa, nguvu ya kinu ilishuka yenyewe. Kutoroka kule nilikokuzuia kwa neno moja ndiko kulikokuwa breki ya kinu.

Hesabu ya namna hiyo haitoshelezwi na nyutroni peke yake, kwa kuwa joto hubadilisha umbo na umbo hubadilisha mpasuko. Maabara ya Taifa ya Idaho, nchini Marekani, ilianza mwaka 2008 kuunda MOOSE, mfumo unaounganisha fizikia hizo katika hesabu moja, na mwaka 2014 ikauweka huru kwa yeyote. Lakini hata wenye programu nzuri hujenga: NuScale, kampuni ya Marekani inayobuni vinu vidogo, ilitegemea pia mtambo wa majaribio katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, wenye theluthi ya ukubwa halisi na unaopashwa joto kwa umeme, ili kuona kama maji huzunguka yenyewe jinsi hesabu zilivyodai. (Mradi wake kwa ajili ya mashirika ya umeme ya Utah ulifutwa Novemba 2023 kwa sababu zaidi za gharama, kitu ambacho Monte Carlo ya nyutroni haikihesabu.)

Kwa sasa nimeliacha tufe na kuanza kuchora silinda yenye kiakisi cha oksidi ya berili. Safari hii niliandika ombwe kwanza, kabla ya umbo lenyewe.