Mkoba wa GW690II umekamilika

Jioni hii nimepokea kipima mwanga cha mkononi, kifaa cha mwisho nilichokuwa nikikisubiri kwa ajili ya kamera yangu ya zamani, Fuji GW690II.

Kamera hii haina betri wala kipima mwanga ndani yake, na lenzi yake ya milimita 90 haibadilishwi (kwa mfuko wangu, hiyo ni neema).

Kwa hiyo, mkoba wake ni mdogo: filamu za 120 (aina ya filamu pana za kuviringisha), filta ya njano ya milimita 67, waya wa kufyatulia na stendi ya miguu mitatu.

Nilipotoka kuijaribu, nilikawia kwenye kitazamio.

Katikati yake mna kipande kidogo angavu kinachoonyesha kitu kilekile mara mbili, na unapozungusha pete ya lenzi, taswira hizo husogeleana taratibu mpaka zikakutana, ishara kwamba kitu hicho kitatoka wazi kwenye picha. Niliielekeza kwenye nguzo ya umeme, nikaona nguzo mbili zikiwa moja, nikarudia tena na tena bila kufyatua, kwa kuwa filamu moja hutoa picha 8 tu za sentimita 6 kwa 9.

Ndugu mnaopiga picha za nyeusi na nyeupe, kwa jua la mchana mnachagua filamu ya ISO (kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga) 100 au 400?