Namba 2 kwa namba 2: nilivyounga kebo ya VT220

Teminali hii nilipewa na mzee mmoja aliyekuwa akifunga ofisi yake. Ni VT220 ya kampuni ya DEC, aina iliyoanza kuuzwa 1983: kioo na kibodi tu, vya kuzungumzia na kompyuta iliyo kando. Nilipomuuliza, "Mzee, na kebo yake?" akajibu, "Kebo ilikwenda na ile mashine kubwa, mwanangu." Basi ikabidi niiunge mwenyewe, ili teminali izungumze na kompyuta yangu ya mezani yenye Linux.

Kompyuta ina poti ya siriali ya pini 9, teminali ina pini 25. Zote mbili ni za kiume, kwa hiyo nilinunua vichwa viwili vya kike na waya wa nyuzi tatu: wa kutuma, wa kupokea, na wa ardhi. Kila fundi niliyemsikia alisema ukiunganisha mashine mbili bila modemu (kifaa cha kupitishia data kwenye simu), upishanishe pini 2 na 3, za kutuma na kupokea. Nikapishanisha, nikalehemu vizuri, nikachomeka. Kioo kimya.

Nilianza kuhofia teminali yenyewe. Nikachomoa kebo, nikaunga pini 2 na 3 za teminali kwa kipande cha waya, nikaandika herufi: zikatokea kiooni. Kumbe nzima!

Hapo nikachukua mita ya kupimia umeme. Katika RS-232, kiwango kinachofuatwa na poti hizi, waya wa kutuma ukiwa umetulia huwa na volti hasi, kati ya 3 na 15, na pini ya kupokea ikiwa peke yake husoma karibu na sifuri. Ncha nyeusi niliiweka kwenye ardhi, ambayo ni pini 7 kwenye plagi ya 25 na pini 5 kwenye ile ya 9. Teminali ilitoa volti hasi kwenye pini 2. Kompyuta ilitoa kwenye pini 3. Ndipo nikaelewa: namba za plagi ndogo zimegeuzwa tayari! Nilipopishanisha, nilikuwa nimefunga mdomo kwa mdomo na sikio kwa sikio. Bahati nzuri kiwango cha RS-232 kinataka visukuma ishara vihimili kugusanishwa, kwa hiyo hakuna kilichoungua.

Nikalehemu upya: 2 kwa 2, 3 kwa 3, 5 kwa 7. Ukijaribu, soma zile namba ndogo zilizochongwa kwenye plastiki. Upande wa kulehemu mpangilio huonekana umegeuka, na usiku macho hudanganyika.

Safari hii kioo kilijaa takataka. Furaha niliyoipata kwa takataka ile siwezi kuieleza, maana umeme ulikuwa unafika. Lililobaki lilikuwa mwendo: Linux ilikuwa inatuma kwa biti 115200 kwa sekunde, na VT220 mwisho wake ni 19200. Nikabonyeza F3 kuingia kwenye mipangilio, nikaweka 9600, biti 8, bila pariti (biti ya kukagua makosa), na XON/XOFF, yaani herufi za kusimamisha na kuendeleza utumaji, kwa sababu nyuzi tatu hazina njia nyingine ya kumwambia mtumaji asubiri. Upande wa kompyuta nikaandika:

agetty -L ttyS0 9600 vt220

Programu ya agetty ndiyo inayomkaribisha mtumiaji aingie kupitia poti. Hiyo -L huiambia isingoje ishara ya modemu, ambayo kebo yangu haina.

Neno "login:" likatokea, la kijani, limetulia. Nikampigia mzee simu. Alikuja jioni ile ile, akavuta kiti, na kabla ya kusema lolote akabonyeza F3.