Rabo-rabo, mwaka mpya Tugu

Heri ya mwaka mpya, ndugu zangu! Miguu inauma, ila lazima niandike leo leo.

Nipo Jakarta kaskazini, Kampung Tugu. Hapa wanaishi Wakristo wachache ambao mababu zao waliletwa na Waholanzi karne ya 17, wakiongea Kireno. Kanisa lao la karne ya 18 bado lipo, siku hizi limezungukwa na malori ya makontena ya bandarini.

Na wana muziki wao: keroncong.

Baada ya ibada wapigaji wakabeba vyombo, tukaanza rabo-rabo, yaani kwenda nyumba kwa nyumba. Mnaimba, mnakula, mnaombeana heri. Mkitoka, mtu mmoja wa nyumba ile anaungana nanyi. Msafara unarefuka tu! (Kufika mchana nilishakula mpaka basi, na kukataa huwezi.)

Kilichoniteka ni selo, ile fidla kubwa. Mzee mmoja haigusi kwa upinde kabisa. Anaidonoa kwa vidole, tum-tuku-tum, inalia kama ngoma. Kidole gumba kimeota sugu nene, ngumu kama kwato. Juu yake vigitaa vidogo vinajibizana, kimoja kikiangukia katikati ya mapigo ya mwenzake, na pembeni kuna tari. Ndiyo, tari hasa! Watu wa Unguja na Lamu mngejiona nyumbani.

Nilijaribu kupiga makofi nao. Mzee akacheka, akanisogezea sahani ya keki.

Haya, kwenu msafara wa mwaka mpya ukoje? Na nani hapa anapiga selo? Nijibuni.